Naomba ushauri: nyuzi za mkonge hazishikani na plastiki

Wakuu, habari za humu. Niko Dodoma, natengeneza vigae kwa ndoo chakavu za polipropilini na nyuzi za mkonge. Kigae kikivunjika, nyuzi zinachomoka safi kabisa, bila hata chembe ya plastiki. Sababu naielewa: mkonge unapenda maji, plastiki inayakataa. Nimeziloweka kwenye kostiki soda ya asilimia 5, nikasuuza na kuanika (jua la huku halina utani), ikawa afadhali kidogo tu. Joto silipitishi 190°C, mkonge usiungue.

Sasa nataka kujaribu polipropilini iliyopandikizwa maleiki anhidridi, yaani plastiki ya aina ileile iliyoungwa na kemikali ya kuisaidia ishikane na nyuzi. Aliyewahi kuitumia, uliweka asilimia ngapi? Na hapa nchini inauzwa wapi kwa kilo chache? Kontena siliwezi.