Kuku wanaatamia na joto hili la Dar, naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Nipo Mbagala, nafuga kuku wa kienyeji, matetea 14. Februari hii watano wameamua kuatamia kwa mpigo. Banda nimeezeka bati, mchana ukiingia utadhani tanuri.

Wawili nimewawekea mayai 12 kila mmoja, leo siku ya 9. Jana saa nane mchana nimemkuta mmoja kaachama mdomo, anahema, mabawa kayatanua, na bado hataki kutoka! Nimemsogezea maji karibu na kiota, juu ya bati nikatandaza makuti. Je, nikimhamisha usiku na mayai yake hadi chini ya mwembe atakubali, au atasusa? Siku 21 bado mbali.

Wale watatu sitaki waatamie, wanalalia kiota kitupu na kukonda bure. Jirani anasema niwatumbukize kwenye maji, roho imekataa. Nafikiria kuwafungia siku 3 au 4 kwenye tenga lililoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo. Kuna aliyejaribu?

Halafu utitiri nao umeanza. Majivu yanatosha, au nitafute dawa?