Kumnunulia chakula mtoto asiyeruhusiwa ngano: pakiti za supamaketi, unga wa kusaga wenyewe au vyakula vyetu vya asili?

MamaNassra, Fuoni

Assalaamu alaykum jamaa zangu.

Binti yangu ana miaka minne. Tumehangaika naye karibu mwaka mzima: tumbo limejaa kama ngoma, anaharisha, uzito hauongezeki, kila akipimwa damu ipo chini. Kapewa dawa za minyoo mara tatu. Mwezi uliopita, baada ya kipimo cha damu na kile cha kuangalia utumbo alichofanyiwa Dar, tukaambiwa ana siliaki. Mwili wake unapambana na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, na katika kupambana huko unauharibu utumbo wake mwenyewe. Dawa ya kumeza hakuna. Tiba ni kuacha nafaka hizo tatu maisha yake yote, hata tonge moja asile.

Niliporudi nyumbani nikafungua kabati la jikoni, nikakaa chini nikalia. Boflo, chapati, tambi, biskuti za chai, na ule unga wa lishe niliokuwa nikimpikia uji kila siku nikidhani namjenga. Niligeuza pakiti yake nikasoma: ngano ni ya pili kwenye orodha.

Sasa nina njia tatu mbele yangu na sijui nishike ipi.

Supamaketi za mjini zinazouzia wageni zina pasta, mikate na unga ulioandikwa hauna gluteni. Pakiti moja ya pasta ya gramu 400 bei yake napata kilo nne za mchele. Mkate nilionunua ulikuwa mkavu, Nassra kautema.

Njia ya pili ni kununua mtama, mahindi na mchele sokoni, nikasagishe mwenyewe.

Ya tatu ni ya mkwe wangu. Anasema niache kutafuta mkate wa kuiga, mtoto alelewe kwa muhogo, ndizi na wali kama walivyolelewa wao.

Mwenye uzoefu anisaidie. Baba yake anafanya kazi ya boti, mimi ndiye ninayeshinda na mtoto, na naogopa kila ninachomtia mdomoni.

Mkarafuu, Wete

Wa alaykumu salaam dada. Pole sana, na usijilaumu kwa ule uji, wengi wetu tumepita hapo. Kijana wangu anaingia mwaka wa sita na hali hii, na sasa hivi ukimuona anakimbia na mpira huwezi kujua.

Mimi ni wa upande wa mkweo. Huku Pemba pakiti hizo mpaka uagize Unguja zije kwa boti, kwa hiyo nililazimika kuangalia tulicho nacho, nikakuta tunacho kingi. Asubuhi chila au vitumbua, au muhogo wa kuchemsha kwa dagaa. Mchana wali na samaki, kisamvu, choroko. Jioni ndizi mbichi za nazi, majimbi, shelisheli likiwa msimu. Usiku uji wa mtama au wa mchele kwa tui. Siku ya kutaka kitu kitamu namfanyia mkate wa kumimina: mchele ulale kwenye maji usiku kucha, usagwe kwa tui la nazi mpaka uwe laini, tia hamira, sukari na iliki, uumuke, malizia na ute wa yai, umimine kwenye sufuria ya moto.

Uangalie jambo moja tu hapo. Vyote hivyo navipika mwenyewe. Wapo wauzaji wanaotia kijiko cha unga wa ngano kwenye vitumbua ili vishikane, na hawaoni kama ni jambo la kumwambia mnunuzi. Hali kadhalika mkate wa mofa: asili yake ni mtama, lakini siku hizi ngano imeingia.

MuuzaNafaka, Mwanakwerekwe

Dada, nakuambia kama mfanyabiashara nisiyetaka mtoto wako aumwe kwa mkono wangu. Ukinunua nafaka, hatari haimo kwenye mtama. Ipo kwenye kopo la kupimia. Duka la kawaida lina gunia la ngano, la mahindi, la unga wa muhogo, yote midomo wazi, na kopo ni moja linahama gunia kwa gunia. Mteja hajali, na muuzaji hana sababu ya kujali mpaka aambiwe.

Kwa hiyo nunua nafaka nzima, usinunue unga uliokwisha kusagwa. Nafaka utaichambua, utaipepeta na kuiosha. Unga hauoshwi. Mwambie muuzaji akufungulie gunia jipya mbele yako, na uje na kopo lako.

Mashine ya kusagia nayo ni mtihani mwengine. Wateja wengi wanaleta lishe yenye ngano ndani yake, na unga unabaki kwenye kinu cha mashine na kwenye ule mfuko wa kitambaa. Hata ukiwahi alfajiri uwe wa kwanza, unga wa jana bado umo. Waliokuwa na shida kama yako nimewaona wananunua mashine ndogo ya nyumbani, wanasaga kidogo kidogo.

Mkarafuu, Wete

Ahsante ndugu MuuzaNafaka, umenikumbusha. Ndiyo maana mimi napenda vya mchele. Chila, vitumbua, mkate wa kumimina, vibibi, vyote mchele unarowekwa na kusagwa ungali mbichi kwa blenda. Mashine ya mtaani huihitaji kabisa.

UmmuSalim, Mombasa ya Unguja

Nakubaliana nao, ila pakiti msizitupe. Mwanangu ana miaka minane. Akiwa mdogo nilimlisha vya nyumbani tupu, hakuna tatizo. Alipoanza skuli ndipo mambo yalipobadilika. Watoto wote wana biskuti, yeye ana kiazi kitamu. Alirudi analia. Sasa naweka pakiti moja ya biskuti zake kabatini kwa siku za skuli, safari na sikukuu. Sio chakula cha kila siku, na kwa bei ile hakiwezi kuwa.

Kinachotaka kujifunzwa ni kusoma pakiti. Madukani kwetu vitu vinatoka Oman, Dubai, Uturuki, India. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tuna nafuu, herufi za Kiarabu tunazijua: ukiona neno qamh ni ngano, na sha'ir ndiyo shayiri yetu hii hii. Kwenye pakiti za Kituruki buğday ni ngano na arpa ni shayiri. Za Kiingereza tafuta wheat, barley, rye na malt. Hiyo malt ni kimea, na mara nyingi kimea cha shayiri, ndicho kilichomo kwenye vile vinywaji vya unga vya rangi ya chokoleti tunavyowapa watoto asubuhi. Semolina ni ngano pia. Sosi ya soya nyingi zina ngano.

Na usidanganyike na maandishi ya kusema haina ngano. Kutokuwa na ngano si kutokuwa na gluteni, shayiri inaweza kuwemo. Tafuta yanayosema haina gluteni, au alama ya suke lililokatwa kwa mstari. Kwa viwango vya kimataifa chakula kikiitwa hivyo gluteni yake haizidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula.

MamaNassra, Fuoni

Mungu awalipe kheri. Mtoto anapenda urojo kuliko kitu chochote. Na bajia, na halua. Hivyo vipi?

UmmuSalim, Mombasa ya Unguja

Urojo wa kununua hapana, mwenzangu. Ule uzito wake ni unga wa ngano. Mfanyie nyumbani kwa unga wa dengu au wanga wa mahindi, embe mbichi, manjano na ndimu. Wangu hajui tena tofauti. Bajia za dengu au kunde ni salama ukizifanya wewe. Za barabarani hata kama ni dengu tupu, mafuta ni yale yale yaliyokaangiwa sambusa na mandazi. Chipsi pia. Katlesi na kababu huwa zina chenga za mkate. Halua inapikwa kwa wanga, kwa hiyo muulize mpishi wanga wa nini: wa muhogo au wa mahindi hauna neno. Kashata za nazi na ubuyu ale.

Ramadhani usiiogope, futari yetu karibu yote ni yake. Muepushe tu na kaimati, tambi, sambusa na shurba ya shayiri. Boko boko mpikie la mchele.

Lishe_Chake, Chake Chake

Nafanya kazi ya lishe ya watoto, naongeza machache.

Mtoto asijazwe muhogo na wali peke yake. Vinashibisha, lakini protini na madini ya chuma ni haba, na huyu damu yake ipo chini. Tena unga wa ngano wa viwandani nchini hutakiwa kuongezwa madini ya chuma na vitamini za kundi B, kwa hiyo ukiuondoa unaondoa na hivyo. Rudisha kwa dagaa, maini, mayai, maharage, mchicha, na uji wa mtama au uwele wenye njugu zilizosagwa. Umpe na kipande cha chungwa au embe, chuma cha kwenye mboga na nafaka kinaingia vizuri zaidi mwilini. Muhogo ukiwa mchungu urowekwe na uanikwe vizuri kabla ya kupikwa.

Oti, zile nafaka nyeupe za uji zinazouzwa kwenye makopo ambazo wengine huziita shayiri, zenyewe si ngano wala si ile shayiri iliyokatazwa, lakini huchanganyika na ngano shambani na kiwandani. Kwa sasa ziache mpaka daktari wake aseme.

Na hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika: ndugu zake wa tumbo moja wapimwe, na nyinyi wazazi pia, hata kama hamuumwi. Lakini msiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiiacha kwanza, kipimo kinaweza kutoka safi na ugonjwa upo.

MamaNassra, Fuoni

Nimerudi baada ya wiki tano. Nimeshika njia ya mkwe wangu, na pakiti moja ya biskuti naificha kwa ajili ya nasari, kama alivyosema UmmuSalim. Kilichonishinda mwanzo ni kibao cha chapati. Nilidhani kukiosha kunatosha, lakini unga unaruka, unatua mpaka kwenye sufuria ya uji wake. Tumekubaliana humu ndani hakuna tena unga wa ngano wa kukanda. Anayetaka boflo analinunua, analila kwenye sahani yake, anapangusa meza. Mwiko mpya, chujio jipya na blenda ni vya Nassra.

Kaka yake tumempeleka kupimwa, tunasubiri majibu. Nassra hajaharisha siku kumi na moja. Jana kaomba aongezewe chila, jambo ambalo sikumbuki lini alilifanya mara ya mwisho.

Bado mtama wa uji sijampata muuzaji wa kumuamini.

MuuzaNafaka, Mwanakwerekwe

Alhamdulillahi. Njoo Alhamisi asubuhi na kopo lako, gunia silifungui mpaka ufike.