Tupeane uzoefu: aliyeijua siri yako alikutawala vipi?

Binti wa Mkomani, Lamu

Assalamu alaykum jamani. Juzi stima ilipotea mtaa mzima, mpwa wangu wa miaka 15 akaja na laptopu yake yenye chaji, tukakaa kitandani tukatazama Pretty Little Liars. Ni tamthilia ya Marekani, ilianza 2010 ikaisha 2017, misimu 7, vipindi 160. Mimi niliitazama nikiwa sekondari, tukipitishiana kwa flashi. Mpwa wangu anataka kujua A ni nani. Mimi safari hii macho yangu yote yalikuwa kwa Alison.

Kwa asiyeijua: wasichana watano marafiki, mji mdogo unaoitwa Rosewood. Mmoja wao, Alison, anapotea usiku. Baada ya mwaka mmoja wenzake wanne wanaanza kupokea ujumbe kwenye simu wenye sahihi ya herufi moja, A, na kila ujumbe una siri ambayo kila mmoja alijua ni Alison pekee aliyewahi kuambiwa. Watu wengi walimwogopa A. Lakini Alison alikuwa ameshawafunga kamba kabla ya huyo A kutokea. Fataki iliyompofusha Jenna aliirusha yeye, wenzake wakanyamaza, kisha akamtisha Toby, kaka wa kambo wa Jenna, kwa siri yake mpaka akabeba kosa ambalo si lake. Tangu hapo urafiki ule haukuwa na mlango wa kutokea.

Naanza na yangu. Nilikuwa Fomu tatu, usiku wa hina wa harusi ya binamu yangu. Mikono yote miwili mpaka viwikoni ina hina mbichi, tumeidondoshea ndimu na sukari ili ishike, sithubutu kugusa kitu. Simu ikalia. Rafiki yangu mmoja akasema, "Lete nikusomee, shoga." Nikamtajia namba ya siri kwa sauti. Akasoma, akasoma tena juu zaidi, halafu akaniwekea simu mapajani polepole, kama mtu anayeweka yai.

Wiki iliyofuata akataka nimwandikie insha. Halafu nauli. Halafu nisimsalimie msichana fulani. Hakuwahi kunitisha hata siku moja. Alikuwa akija nyumbani, anakaa na mamangu, anakunywa chai, kisha ananiuliza, "Na yule mwenzetu wa Matondoni hajambo?" Mamangu anauliza nani huyo. Yeye anacheka: "Wa darasani, Mama." Mimi jasho linanitoka mgongoni.

Niliishi hivyo mihula miwili. Siku moja nikamwambia bibi. Alikuwa anapepeta mchele, na hakuinua uso. Nikamweleza yote: kwamba kuna kijana, kwamba tunaandikiana, kwamba kuna mtu anajua. Bibi akasema, "Ndiyo hiyo tu?" Nikasema ndiyo hiyo tu. Akaendelea kupepeta. Kesho yake nilipoletewa buku la insha nililirudisha tupu.

Haya, nanyi tuelezeni. Msitaje majina ya watu wala ya shule.

Kijana wa Maweni, Malindi

Dada, umenigusa pabaya. Mimi niliitazama na dada zangu kwa kulazimishwa, na nilichobaki nacho ni Mona.

Mona ndiye A wa kwanza, anafichuliwa mwisho wa msimu wa 2. Kabla ya hapo alikuwa msichana aliyechekwa na Alison kila siku, anafuata kundi la watu wasiomtaka. Na sisi bwenini wanafunzi wapya tuliitwa mono. Dada zangu walikuwa wanapiga kelele kwa mshangao, mimi nimenyamaza kimya.

Nikiwa Fomu wani nilipulizishwa taa ya umeme. Unasimama juu ya kitanda, unaambiwa puliza mpaka izime, na bweni zima linatazama. Unapuliza mpaka kizunguzungu kinakushika. Mwingine anakaa kwenye swichi, akipenda anaizima, asipopenda unaendelea. Nilikojoa usiku ule, na aliyeyaona mashuka yangu asubuhi akawa bwana wangu mwaka mzima. Nilimfulia soksi, nilimpa mkate wangu wa Jumapili.

Hilo ningeweza kulieleza mbele ya mtu yeyote sasa. La pili ndilo sijawahi kulisema. Nilipofika Fomu tatu, mimi ndiye niliyekuwa nakaa kwenye swichi. Kulikuwa na mtoto kutoka Garsen, mdogo wa mwili, kigugumizi. Nilijua anaficha kwamba hajui kusoma vizuri. Nilikuwa namfanya asome barua za wenzake kwa sauti. Sikumpiga hata siku moja, na ndiyo maana hakuna mwalimu aliyewahi kuniadhibu. Muhula wa pili hakurudi.

Nimemtafuta. Sijampata. Nilikuwa naamini kwamba nilipoumizwa nilijifunza huruma. Nilichojifunza ni mahali swichi ilipo.

Asiyetaka kutajwa

Malindi pia. Yangu inahusu Aria na Ezra.

Aria ana miaka 16, Ezra ni mwalimu wake wa Kiingereza. Wanabusiana kabla hajajua kuwa ni mwalimu wake, na baada ya kujua wanaendelea kwa siri. Msimu wa 4 inagundulika kwamba Ezra alimjua Aria ni nani tangu mwanzo, alikuwa anaandika kitabu kuhusu Alison. Na bado msimu wa mwisho wanafunga ndoa, na sisi tulilia kwa furaha. Nasema hili kwa uchungu: ndoa ile ilinichelewesha miaka.

Wangu alikuwa mwalimu wa tuisheni. Ujumbe ulikuwa unaingia saa nne ya usiku, mwanzo kuhusu hesabu. Akaniambia mimi nina akili ya mtu mzima, wenzangu hawatanielewa, kwa hiyo nisiwaambie. Nilijiona nimechaguliwa. Siri ile niliilinda mimi, yeye hakuhitaji kuilinda. Ilipojulikana, watu wazima walikaa kikao, yeye akaondoka mji, mimi nikaambiwa nisome kwa bidii. Basi. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamtaja mwalimu waziwazi: anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi, kifungo hakipungui miaka 10. Hakuna aliyenisomea kifungu hicho nikiwa na miaka 16.

Kuna jambo moja tamthilia ile ililipatia. Wasichana wanapotolewa kule chini ya ardhi A alikowafungia, Hanna anarudi nyumbani anabandua karatasi za ukutani chumbani kwake, kwa sababu A alikuwa amewajengea vyumba vinavyofanana na vyao. Mamake haelewi kwa nini anaharibu chumba kizuri. Mimi ikifika saa nne nazima simu. Mume wangu ameshazoea.

Bi mkubwa wa Langoni

Wanangu, mimi sina tamthilia, mjukuu wangu ndiye ananisomea haya. Ila nimesikia neno siri mara nyingi, na hapa kwetu tuna neno jingine, sitara. Tulifundishwa kumsitiri mtu, na ni jambo jema, sitaliacha. Lakini nimeishi Lamu miaka mingi, nimeona nyumba zikisema zinamsitiri binti kumbe anayesitiriwa ni ami yake. Sitara ni nguo ya aliyeonewa. Ukimvika aliyeonea, yule mwingine unamwacha uchi.

Wewe mwanangu usiyetaka kutajwa, wale waliokaa kikao walikukosea. Nakuambia mimi kwa sababu huenda wao hawatakuambia.

Asiyetaka kutajwa

Shukran, Bi. Nimeisoma mara tatu.

Mgeni, Lamu

Samahanini, mimi sina hadithi ya zamani. Ni ya leo. Mdogo wangu wa kike ana miaka 16. Kuna mtu ana picha zake, anamwambia atume nyingine la sivyo atazisambaza kwenye grupu la mtaa. Nimegundua magharibi hii. Baba hajui. Anataka kufuta kila kitu na kutupa simu baharini.

Binti wa Mkomani, Lamu

Asifute. Nakuomba, asifute hata neno moja. Zipigeni picha zile jumbe kwenye skrini, zionyeshe namba, tarehe na saa. Asitume kingine, asilipe, na asibishane naye. Pigeni 116, ni simu ya watoto, bure, usiku na mchana. Asubuhi nendeni kwa afisa wa watoto au dawati la jinsia pale polisi, na mwende na mtu mzima anayempenda. Kusambaza picha za namna hiyo ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mitandao ya 2018, na kwa kuwa yeye ni mtoto kosa ni zito zaidi. Mwenye kosa ni huyo mtu, mwambie hivyo kwanza kabla ya yote.

Usiku huu usimwache peke yake. Lala naye chumba kimoja. Nimekutumia namba yangu pembeni, kama mnaogopa kumwambia baba nitakuja na bibi yangu. Simu yangu iko wazi mpaka alfajiri.

Mgeni, Lamu

Nimekaa naye. Hajafuta. Tunapiga sasa.