Kubadili leseni ya mfumo wa maduka ya dawa: AGPL, Apache au BSL?

MtunzaStoo (mleta mada):
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia mfumo wa chanzo huria (yaani msimbo wake, maandishi yanayounda programu, uko wazi kwa wote) wa kutunza kumbukumbu za stoo katika maduka ya dawa, na ningependa kubadili leseni yake kabla ya toleo lijalo. Kampuni moja imeuchukua mfumo huo, imeuweka kwenye seva zake na inawatoza wenye maduka ada ya kila mwezi, huku maboresho yake yote ikiyafungia ndani. Ninasita kati ya AGPL toleo la 3, Apache 2.0 na BSL 1.1. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

fundi_seva:
Mleta mada, umetaja leseni unazozitaka ukaacha uliyo nayo sasa, na hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Kama ni MIT, leseni yenye masharti machache, unaweza kutoa toleo jipya chini ya AGPL bila kumwomba mtu ruhusa, ilimradi matangazo ya awali ya hakimiliki yabaki mahali pake. Kama ni GPL, inayotaka programu iliyobadilishwa na kusambazwa ibaki chini ya leseni hiyo hiyo, hiyo ni habari nyingine. Tueleze pia msimbo umeandikwa na watu wangapi, na kama walitia saini mkataba wowote. Apache sielewi imeingiaje humu, maana hailazimishi kampuni hiyo kurudisha hata mstari mmoja.

BintiPangani:
AGPL, wala sioni cha kujadili. Kifungu chake cha 13 kinamtaka aliyeibadili programu na kuwahudumia watu kupitia mtandao awape watumiaji hao msimbo wake, jambo ambalo GPL ya kawaida hailidai, kwa kuwa mwenye kuiendesha kwenye seva yake mwenyewe hahesabiwi kuwa ameisambaza. Tazama hifadhidata ya Redis: iliiacha leseni huria ya BSD mwezi Machi 2024 ikachukua zenye vizuizi, mradi mshindani wa Valkey ukazaliwa kutokana na msimbo wake wa zamani, na mwaka 2025 Redis wenyewe wakaongeza AGPL.

MzeeWaLeja:
Dada BintiPangani, AGPL haimkatazi mtu kutoza ada. Kampuni ile itaweka msimbo hadharani na itaendelea kukusanya fedha kama kawaida. BSL angalau inakuwezesha kuzuia matumizi ya kibiashara kwa muda usiozidi miaka 4, kisha toleo husika linakuwa huru.

mchapa_risiti:
Kabla mleta mada hajashawishika na BSL, naomba anisikilize. Niliwahi kuchangia mradi mmoja wa mauzo ya rejareja, ambao sitautaja, na sehemu niliyoiandika ni ile ya kutuma risiti kwenye printa ndogo za karatasi ya joto. Herufi zilikuwa zikikatika upande wa kulia kwenye karatasi ya milimita 58, na nilikesha nikipima nafasi hadi jumla ya fedha ikaonekana yote. Kazi hiyo niliitoa bure, kwa leseni huria. Baadaye mwenye mradi aliuhamishia kwenye BSL bila kutuandikia hata barua pepe, na duka la shemeji yangu likaambiwa lilipie toleo jipya lenye kazi ya mikono yangu. Kisheria alikuwa sahihi, kwa sababu leseni ya awali ilimruhusu. Hata hivyo sikumtumia tena marekebisho yoyote, na niliowafahamu humo waliondoka pia.

MzeeWaLeja:
Pole, ndugu. Lakini kama leseni ilimruhusu, lawama ni za aliyetoa msimbo bila kuisoma.

BintiPangani:
Mzee wangu, ruhusa ya kisheria haikuizuia OpenTofu, nakala huria ya Terraform, kuzaliwa miezi michache baada ya Terraform yenyewe, programu ya kusimamia miundombinu ya seva, kuhamia BSL mnamo Agosti 2023. Na BSL si leseni huria, kwa hiyo tusiiweke kapu moja na AGPL.

MtunzaStoo:
Samahani kwa kuchelewa kujibu. Leseni ya sasa ni GPL toleo la 2, bila yale maneno ya kuruhusu matoleo ya baadaye ya leseni hiyo. Tupo wachangiaji 11 na hakuna mkataba wowote. Apache niliitaja kwa sababu maktaba moja ya msimbo tunayotaka kuitumia ina leseni hiyo.

fundi_seva:
Basi hapo ndipo pagumu. GPL 2 peke yake haipatani na AGPL 3 wala na Apache 2.0, kwa hiyo unahitaji idhini ya kila mwenye hakimiliki, na asiyekubali itabidi sehemu yake iandikwe upya. Timu ya VLC, programu ya kucheza video, ilipouhamisha mtambo wake wa libVLC kutoka GPL kwenda LGPL, leseni iliyolegea zaidi, mwaka 2011, iliwatafuta wachangiaji mmoja mmoja, na hata leo baadhi ya moduli za VLC zimebaki chini ya GPL. Uliza pia nani aliandika akiwa kazini, maana huenda mwenye hakimiliki ni mwajiri wake.

MzeeWaLeja:
Na matoleo yaliyokwisha kutoka yatabaki GPL 2. Kampuni inayokukera inaweza kuendelea na la sasa maisha yake yote.

MtunzaStoo:
Hilo nalielewa. Wengi wao nawasiliana nao, ila mmoja alifariki, na yeye ndiye aliyeandika sehemu ya tarehe za kuisha kwa dawa.

mchapa_risiti:
Pole sana. Hakimiliki hiyo sasa ni ya warithi wake. Je, familia yake unaifahamu?

BintiPangani:
Kuandika upya sehemu hiyo huenda kukawa rahisi kuliko kuwaeleza warithi AGPL ni kitu gani. Ilimradi aandike mtu ambaye hajausoma msimbo wa marehemu, asije akaunakili.

fundi_seva:
Katika mradi wa watu 11, huyo ambaye hajausoma atatoka wapi?