Mabosi wa Mombasa: kuandikiwa mwataka, kulipa hamtaki!

Jamani, leo sina adabu, mtanisamehe.

Kuna hawa washauri wa mtandaoni, kila kukicha watuambia sisi waandishi wa kujitegemea: "toka kwenye majukwaa ya kazi za mtandaoni, tafuta wateja wako mwenyewe". Haya, tumetoka. Kule nilikuwa naandika makala ya maneno elfu kwa dola tatu, jukwaa likate fungu lake, nikitoa pesa nikatwe tena. ChatGPT, ile programu ya kuandika yenyewe, ilipokuja mwishoni mwa 2022, hata hizo dola tatu zikawa za kugombaniwa. Mtu akikataa makala yako kwa kisingizio kwamba imeandikwa na mashine, ndiyo basi, halipi. Kuondoka ilikuwa haki na sirudi ng'o.

Lakini mbona hamkusema wateja wa hapa mjini wako hivi?

Hoteli moja upande wa Nyali (siitaji, pesa yangu bado iko kwao) walinipa tovuti yao nzima niiandike: vyumba, mkahawa, harusi, safari za kuona pomboo. Arbuni hakuna, "sisi ni watu wa hapa hapa, dadangu, pesa haipotei". Meneja kanirudishia kazi mara chungu nzima. Mara ataka niseme wageni watatazama jua likizama baharini. Nyali! Bahari iko mashariki, jua lazama upande wa Changamwe huko. Nikakataa, akalitia mwenyewe. "Wazungu wapenda hivyo."

Sasa kurasa zote ziko hewani, na hilo jua lao limo. Ukiuliza malipo, ankara iko kwa mhasibu. Mhasibu asema meneja hajatia sahihi. Meneja, tiki mbili za buluu, kimya. Juzi ndipo akatuma sauti: "Dadangu, kwani kuandika kwatoa jasho? Si umekaa tu?" Wallahi nilikaribia kuitupa simu. Siku niliyokwenda pale kudai, fundi wa AC alitumiwa M-Pesa yake kabla hajakunja ngazi.

Na nyinyi wa kliaringi (watoa mizigo bandarini) Moi Avenue, "niandikie moja ya bure nione", mwaomba watu watano, tovuti yajaa bila senti kutoka. Twawajua.

Kuanzia leo nusu ya pesa iingie kwanza, ndiyo nifungue kompyuta. Asiyetaka, njia ni nyeupe.

Huyu wa Nyali nampeleka Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016: madai yasizidi shilingi milioni moja, wakili si lazima, na kesi yatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Ankara ninayo, na mazungumzo ya WhatsApp nimeshayatoa kwenye karatasi. Aliyewahi kufungua kesi hapa Mombasa anieleze: ada ni kiasi gani, na zile sauti zapelekwaje mbele ya hakimu? Washauri wa "wateja wako mwenyewe", uzi huu piteni tu.