Tupeane uzoefu: nani amewahi kubadilisha taa ya mbele ya gari mwenyewe nyumbani?

Ndugu zangu, juma lililopita dimu (mwanga wa chini wa taa ya mbele) ya upande wa kulia wa gari langu iliacha kuwaka, ingawa fulu (mwanga wa juu) ya upande huohuo ilikuwa nzima. Balbu yake ni ya aina ya H4, ambayo ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: ule wa dimu ni wa wati 55 na ule wa fulu ni wa wati 60. Nilikagua fyuzi kwanza, nikaikuta nzima, kisha nikaitoa balbu na kuona kwamba uzi mmoja umekatika. Kilichonisumbua hasa ni kibanio cha waya kinachoishikilia balbu kwa nyuma, kwa sababu betri iliuziba mkono, hata ikanibidi niiondoe, nikianza na ncha ya hasi, ndipo nikaweza kukifungua na kukirudisha. Naomba nanyi mtueleze yaliyowapata.

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi niliishika balbu mpya ya halojeni (H4 yako ni ya jamii hiyo) kwa vidole vitupu, tena kwenye kioo chenyewe, nayo haikumaliza mwezi. Baadaye nilielewa kwamba kioo kile hupata joto kali mno, na mafuta ya ngozi yakibaki juu yake, sehemu hiyo hupata joto kuliko nyingine na kioo hudhoofika. Tangu siku hiyo huishika kwenye kitako tu, nikiwa nimevaa glovu safi, na ikitokea nimekigusa kioo, hukifuta kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzinyuzi kabla ya kuwasha.

Mchangiaji wa pili:
Nawasihi msinunue balbu kabla ya kuitazama soketi. Nilibadilisha balbu mbili bila mafanikio, kumbe plastiki ya soketi ilikuwa imeyeyuka na ncha moja ya shaba imeungua, kwa kuwa mwenye gari wa awali aliweka balbu za wati 100 ili apate mwanga mkali zaidi. Kwa umeme wa volti 12, balbu ya wati 55 huvuta takriban ampea 4.6, ilhali ya wati 100 huvuta zaidi ya 8, na nyaya za gari lile hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Nilikata soketi ile, nikaunga mpya, nikarudisha balbu za wati za kiwandani, na taa zinawaka hadi leo.

Mchangiaji wa tatu:
Gari langu lina taa za zenoni, zisizo na uzi bali hutoa mwanga kwa gesi, ambazo wakati wa kuwaka hupokea umeme unaozidi volti 20,000. Hizo nilimwachia fundi umeme wa magari, na ningemshauri kila mtu afanye vivyo hivyo.

Mchangiaji wa nne:
Baada ya kubadilisha, madereva waliokuwa wakija mbele yangu walinimulika mfululizo, nami nilikuwa ninawaumiza macho bila kujua. Siku hizi, kabla ya kufungua chochote, huliegesha gari mahali tambarare likitazama ukuta, nikabandika utepe pale mwanga wa dimu unapoishia juu, kisha nikimaliza kazi hulinganisha.

Mwanzilishi wa mada:
Nashukuru sana, hasa kwa hili la ukuta, kwa maana sikuwa nimelifanya. Jana usiku niliwasha dimu mbele ya ukuta, nikaona mwanga wa kulia umepanda juu kuliko wa kushoto kwa karibu upana wa kiganja. Kola ya H4, yaani pete ya chuma kwenye kitako chake, ina masikio (vijino vya kuikalisha) matatu, na lile pana ndilo hukaa juu. Nilipofungua tena nilikuta sikio moja la chini halijaingia kwenye nafasi yake, na kibanio kilikuwa kimeibana balbu ikiwa imeinama. Niliikalisha vizuri, nikafunga kifuniko cha mpira ili maji na vumbi visiingie, na sasa mianga yote miwili iko usawa mmoja.