Ushauri: taa gani ya kuchaji inafaa barazani, ghorofa ya tatu?

Mpangaji Mpole: Wakuu, heshima kwenu. Naishi ghorofani, Sinza. Umeme ukikatika baraza langu ni giza totoro. Natafuta taa ya kuchaji ya kubebeka, iwake saa moja jioni mpaka alfajiri. Kariakoo nimeona mbili: kubwa ya betri ya asidi yenye redio, na ndogo ya lithiamu imeandikwa 9900mAh. Nisaidieni haraka, sina raha.

Fundi Waya: Hiyo 9900 ni maandishi tu. Kama ndani kuna seli moja ya saizi ya 18650, hata zile nzuri huishia mAh 3500 hivi, yaani ampea-saa 3.5. Zidisha kwa volti 3.7, unapata wati-saa 13. Taa ya wati 3 inazima kabla ya saa sita usiku. Ya asidi nayo ukiiacha wiki kadhaa bila chaji, imekufa. Tafuta ya seli tatu, inayopunguzwa mwanga, na iwe na alama ya IPX4, ya kustahimili maji ya kurushiwa, maana mvua ya upepo inafika barazani. Ila usiku kucha unamwangazia nani?

Mama Tunu: Mwanangu, chukua ya mwanga wa njano. Nyeupe inaita wadudu. Msimu wa kumbikumbi utawafagia mpaka kwenye sufuria. Na usiku watu hulala.

Mzee wa Upanga: Mimi yangu iliota kutu kwenye tundu la chaji, upepo wa bahari huo. Mlinzi wetu akaiomba, akaipaka mafuta ya taa, mpaka leo anayo yeye na hataki hata kuizungumzia.

Mpangaji Mpole: Matumizi ya kawaida tu jamani. Kupunga upepo.

Fundi Waya: Unapunga upepo mpaka alfajiri?

Mpangaji Mpole: Haya. Kuna vifaranga sitini, wana siku nne, wako kwenye maboksi ya TV. Umeme ukikatika balbu yao inazima, wanalia na kurundikana pembeni, wa chini wanakufa. Sikusema kwa sababu najua mngenisema. Na ile ndogo nimeshaitolea advansi, muuzaji harudishi.

Fundi Waya: Sasa hayo ndiyo ungeanza nayo! Hawalilii giza hao, wanalilia joto. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, na taa ya LED haina joto la kumfaa kifaranga. Jaza chupa maji ya moto, zifunge kitambaa, weka katikati ya boksi, badilisha zikipoa. Jiko la mkaa usithubutu kuingiza ndani, hewa yake inaua watu.

Mpangaji Mpole: Dar na joto lote hili, mkuu? Taa itatosha. Nitawafunika na kanga.

Mama Tunu: Kanga! Watakosa hewa hao. Na mwenye nyumba amekuruhusu? Riziki ya kujificha haina baraka.

Mzee wa Upanga: Enzi za kware nilifuga jikoni. Mayai yalipokosa wanunuzi tukayala asubuhi, mchana na jioni. Mke wangu hadi leo nikisema "mradi" anatoka nje.

Kijiwe Nongwa: Wakuu, hii chai. Mwezi uliopita huyu huyu alisema anaishi chumba kimoja kwa shemeji yake, Mbagala. Leo ghorofa Sinza? Na vifaranga sitini wanalia usiku, jirani hajagonga mlango? Weka picha.

Mpangaji Mpole: Nimehama! Picha kesho, simu haina chaji.

Kijiwe Nongwa: Ichaji kwa hiyo 9900.

Fundi Waya: Iwe chai au maziwa, hesabu ya betri haibadiliki. Kadai advansi yako.

Mwenye Ghorofa: Samahani, nimepita tu. Kijana, geti lenu hapo Sinza ni la rangi gani?

Mzee wa Upanga: Mpole, USIJIBU!